Kibe za Mama Mkononi mwa Wadih

Jumatatu, 6 Mei
Nimejiponza. Jana baada ya misa Padri Boutros alilalamika kwamba jiko la ukumbi wa kanisa limepoa tangu Mama afariki. Hapa São Paulo, alisema, hata Wabrazili walikuja kwetu sisi wahamiaji Waarabu kwa ajili ya mkono wake. Nikaropoka kwamba mapishi yote ya Mama ninayo mimi, na Jumamosi nitawafundisha majirani kupika kibe, yale madonge ya nyama na ngano ya kukaanga. Watu wakapiga makofi. Binamu yangu Jamile hakupiga. Alinitazama kama mtu anayetazama maziwa yanayokaribia kufurika.

Sijawahi kukaanga hata yai.

Jumanne, 7 Mei
Nimejaribu. Nyama ya kusaga, ngano iliyopondwa, kitunguu, mnanaa. Kibe za Mama zilikuwa na ncha mbili na tumbo zuri katikati. Zangu zimefumukia kwenye mafuta. Mbwa wa Dona Ivone, bibi jirani yangu, amenusa akarudi kwao. Nimekaa jikoni nikalia kidogo. Kitunguu nilikuwa nimeshamaliza kukikata zamani.

Alhamisi, 9 Mei
Mpango. Nimempigia Jamile, nikamwambia nina hamu ya kibe zake, aje azipikie kwangu. Nia ni kumwibia ujuzi. Amesema hana nafasi, ana oda ya duka. Kisha akauliza, "Wadih, kaka yangu, umekwama?" Nikamjibu mimi na kukwama wapi na wapi. Akasema haya. Nimekata simu nikiwa mshindi. Wa nini, sijui.

Ijumaa, 10 Mei
Mpango bora. Nimekwenda mtaa wa mbali nisikojulikana, kwa muuzaji aitwaye Osmar, nikanunua kibe mbichi zilizokwisha kufungwa kwa mkono. Nimezipanga kwenye sinia la Mama. Nilipoligusa roho iliniuma. Nikaendelea kupanga.

Jumamosi, 11 Mei
Aibu. Ukumbi ulijaa. Nilizikaanga zikaiva vizuri. Padri alifumba macho, akasema ni zile zile za marehemu. Dona Ivone akafuta machozi. Jamile akala moja, akala ya pili, akaninong'oneza, "Umezitoa kwa Osmar?"

Kumbe yeye ndiye anayempelekea Osmar. Oda yenyewe ndiyo hiyo.

Nilimsihi kwa macho. Hakunisema. Alifanya vibaya zaidi: aliwaambia watu, "Sasa kaka atuoneshe namna ya kuifunga." Nikachukua donge la nyama. Likapasuka. La pili hivyo hivyo. Padri akakohoa. Ukumbi mzima ukawa unatazama vidole vyangu.

Jamile akafunga aproni, akalowesha mikono kwa maji baridi. "Mimi nilifundishwa na mama yake," akasema. "Sogeeni." Wote wakasogea. Mimi nikaosha masinia. Nyuma yangu nikamsikia Dona Ivone akicheka: ya kwake ilikuwa imefungika.

Jumapili, 12 Mei
Mchana Jamile amebisha hodi akiwa na nyama na ngano. "Kaa hapa nikufundishe, kaka. Hakuna anayekuona." Macho yake yalikuwa ya Mama kabisa. Nimemwambia nina shughuli. Akaacha vitu mezani, akaondoka.

Sikudanganya. Asubuhi Padri aliuliza nani atafundisha kuoka mikate yetu Jumamosi ijayo, na mkono wangu ukanyooka wenyewe. Nimeshapata duka la mikate ng'ambo ya mto. Huko Jamile hapeleki chochote. Nimeuliza mara mbili.