Hatua Ishirini Nyuma ya Gari

Siku tangazo lilipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya leseni, watu walilisoma wakasonya. Mkaguzi alilisoma akatabasamu. Lilisema kwamba dereva mwenye leseni mpya asizidishe kilomita hamsini kwa saa kwa mwaka mzima, na aning'inize kibao cha njano nyuma ya gari ili wenzake wamjue. Mtu kajifunza wiki sita, kaazima gari la shemeji yake, ana hamu ya kutimua vumbi mtaani kwao, halafu anaambiwa atambae.

Tuseme mapema kwamba Mkaguzi hakuwa mkaguzi wa kitu chochote. Alikuwa na shati jeupe lenye vifungo mabegani, faili gumu, na mhuri aliouchongesha kwa fundi asiyeuliza maswali. Wiki haikuisha, akawa na stika za kijani zilizoandikwa DEREVA ALIYEKOMAA. Ukibandika stika hiyo, aliwanong'oneza wateja, hamsini haikuhusu tena. Na ili kazi isionekane ya kihuni, alijitungia utaratibu. Kabla ya kuvua kibao cha njano alihesabu hatua ishirini nyuma ya gari, akageuka, akakunja uso, akakisoma kibao kwa mara ya mwisho kana kwamba anakiaga. Hatua hizo ndizo zilizouza stika, kwa kuwa watu humheshimu sana mtu anayehesabu.

Kwa miezi minne madereva wapya walipaa. Baadhi yao walirudi na bandeji kumtafuta, wakakuta kahamia mtaa wa pili. Mapato yake yalimpatia gari dogo jeupe, ambalo aliliendesha bila leseni kwa sababu foleni ya leseni ilikuwa ndefu mno. Alilipenda gari lile kuliko alivyowahi kumpenda binadamu, na hakuona haya kulisema.

Asubuhi moja akaja mama mmoja wa makamo, miwani puani, mkoba kwapani, kibao cha njano mkononi. Alieleza kwamba yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama ishirini na sita, wote wamepata leseni mwezi huo, wote wamechoka kupigiwa honi. Gari lake liko kwa fundi. Je, Mkaguzi anaweza kumwonyesha utaratibu kwenye gari lake mwenyewe, ili akawaeleze wenzake?

Mkaguzi akazidisha bei ya stika mara ishirini na sita kichwani, akampa ufunguo.

Mama alikifunga kibao nyuma, akaketi kwenye usukani, akavuta kiti mbele. Injini ikanguruma. Mkaguzi alikaa kando yake na faili lenye stika moja. Katoni mbili za stika na mhuri vilikuwa kwenye buti.

"Sasa mwanangu," mama alisema, "zile hatua ishirini mbona sijaziona? Wenzangu wataniuliza."

Mkaguzi akashuka na faili lake. Alihesabu kwa sauti, kifua mbele, mpaka ishirini. Alipogeuka, kibao kilisomeka vizuri sana, ila kilikuwa kinazidi kuwa kidogo.

Alikimbia mpaka shati likachomoka, akasimamisha teksi ya kwanza aliyoiona. Dereva wake alikuwa karani aliyepunguzwa kazini, leseni yake ina wiki mbili, na nyuma kaning'iniza kibao cha njano.

"Lifuate lile jeupe! Kanyaga mafuta!"

"Mwisho hamsini, kaka," alijibu karani, mikono yote miwili kwenye usukani.

Ndipo mji ukashuhudia mbio ambazo hata baiskeli zilizipita. Mbele alikwenda mama kwa hamsini, nyuma karani kwa hamsini, na kati yao mita mia mbili zisizopungua wala kuongezeka. Mkaguzi alibembeleza, akatukana, akakaribia kulia. Gari lake alikuwa analiona, hadi taa zake za nyuma alizozing'arisha mwenyewe jana. Mwishowe alichomoa stika kwenye faili, akaibandika kwenye kioo cha mbele, akatoa hotuba yake yote kwa pumzi moja.

Karani aliisoma stika. "Kumbe hiki kitu kipo?" akasema, na mguu ukazama.

Sitini, sabini, themanini. Walimfikia mama, wakampita, karani akicheka peke yake huku Mkaguzi akimpigia kelele kwamba amelipita. Mbele kulikuwa na kivuko cha waenda kwa miguu, na kwenye kivuko mwanamke mjamzito na kapu la nyanya. Karani hakuwa amewahi kufunga breki kwa kasi ile. Gari liliyumba, likalia, likasimama hatua moja tu kutoka kwa mwanamke, na nyanya zikatawanyika barabarani.  Kwa mara ya kwanza Mkaguzi aliogopa kile alichokuwa akikiuza.

Askari wa barabarani alikuwa pale pale. Aliiangalia stika, kisha wao. "Mwenye stika hizi tunamtafuta miezi minne. Nani kakupa?"

Karani akamnyooshea Mkaguzi kidole.

"Na mimi nimeuziwa, afande," Mkaguzi alisema haraka. "Nimetapeliwa kama huyu."

Askari akafungua daftari. Tunaambiwa muuzaji ana gari, alisema, na stika zake hulala kwenye buti. Je, Mkaguzi analijua hilo gari?

Wakati huo gari dogo jeupe likafika. Likapunguza mwendo, likasimama kabla ya kivuko, likamsubiri mwanamke aokote nyanya yake ya mwisho. Kisha mama akampungia askari mkono, akaondoka taratibu, kibao cha njano kikining'inia. Mkaguzi alifungua kinywa, akazikumbuka katoni mbili na mhuri, akakifunga.

"Hapana, afande. Silijui."

Askari alilisindikiza gari kwa macho mpaka likakata kona. "Umemwona yule mama? Kila dereva mpya angekuwa kama yeye, mimi ningekuwa nyumbani."

"Anaendesha vizuri, afande," alisema Mkaguzi, na machozi yakamtoka.