Odessa Pettaway Avuka Korido

Njooni karibu, enyi mliowahi kuinua kidole darasani mkaomba kutoka, nanyi pia mliobana miguu kwa kuwa hamkuthubutu kuomba. Tulieni kidogo niwahadithie safari ya Odessa Pettaway, binti wa mwaka wa mwisho katika Sekondari ya Mtaa wa Harlan, mjini Baltimore, jinsi alivyovuka korido ya ghorofa ya pili akafika ng'ambo. Falme zimeanguka kwa mambo madogo kuliko hilo.

Sheria ya himaya ile ni hii. Kengele ikishalia, milango hufungwa na korido huwa mali ya walinzi. Atakayekutwa nje bila ishara ya ruhusa ya darasa lake hupelekwa ukumbi wa chakula, akae huko mpaka kipindi kiishe. Kila darasa lina ishara moja tu, na walimu, wakijua vijana walivyo hodari wa kupoteza vitu, huchagua kitu kikubwa chenye kuaibisha. Darasa la kemia hubeba kifuniko cha gurudumu la gari. Darasa la hesabu la Mwalimu Pruitt, mwenye subira ndefu na tai fupi, hubeba mkono wa plastiki wa sanamu ya duka la nguo, kuanzia begani hadi kwenye kucha.

Basi asubuhi hiyo Odessa aliitwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Alikuwa amekuja mjumbe kutoka hospitali, Bwana Sayles, kuchagua mwanafunzi mmoja wa kujifunza kazi ya muuguzi msaidizi wakati wa likizo ndefu, na mjumbe huyo angeondoka kengele ya mwisho wa kipindi ikilia. Majira yote ya baridi mshauri alikuwa amewafunza wanafunzi wake vita vya namna hii: mshike mtu mkono kwa nguvu, mtazame machoni, usitangulie kuachia. Odessa alikuwa amefanya mazoezi kwa bibi yake, kwa mjomba wake, na kwa mpini wa jokofu. Adui yake alikuwa mmoja: viganja vyake vilitoka jasho kama dirisha la jikoni.

"Mwalimu, naomba mkono," akasema.

"Mkono uko safarini," akanena Mwalimu Pruitt, chaki kifuani kama upanga wa kiapo. "Terrell Boone ameuchukua kwenda kunywa maji. Mkono mmoja, mtu mmoja, Binti Pettaway. Hata rais wa nchi akija kusoma hapa, atasubiri."

"Rais ana choo chake, mwalimu. Mimi nina usaili, na huyo bwana anaondoka!"

Mlango ukafunguka. Akaingia Terrell, mkono begani kama bunduki, akitafuna.

"Wee Terrell! Maji gani hayo yenye krispi za viazi?"

"Punguza munkari, dada. Nimekuta foleni."

"Foleni ya nani? Lete mkono!"

"Shika. Ila usimpe huyo bwana kiganja chako chenye mafuriko, atadhani bomba limepasuka."

Majemadari hawatupi mishale kwa kunguru. Odessa akautwaa mkono wa plastiki kwa kulia na bahasha ya vyeti kwa kushoto, akatoka.

Korido ilikuwa ndefu, imeng'aa kwa nta, na katikati yake alisimama Bi Lavinia, mlinzi wa ghorofa, bibi wa funguo zote, ambaye vijana warefu humwona wakawa wafupi.

"Simama hapo, mwanangu. Unakwenda wapi na viatu vya Jumapili?"

"Kwa mshauri, Bi Lavinia. Usaili wa hospitali."

"Ishara?"

Akauinua mkono juu kama bendera.

"Pita. Nyoosha mgongo. Hiyo kola, ebu njoo." Akamkunjulia kola. "Haya, nenda. Ukikimbia nakurudisha."

Naye akaenda bila kukimbia, jambo ambalo ni gumu kuliko kukimbia.

Bwana Sayles, mtu mrefu mwenye uso wa aliyekwisha kusikia majibu yote, akainuka nyuma ya meza akanyoosha mkono. Na hapa, wasikilizaji, ulimi wangu unasita, kwani simlaumu binti yule hata kidogo. Miezi ya mafunzo ilimwamrisha: toa kulia! Akatoa kulia, pamoja na kilichokuwamo.

Bwana Sayles alikuwa akimtazama machoni, kama adabu itakavyo. Akaushika mkono wa plastiki, akautikisa kwa nguvu, na kiganja kikachomoka kwenye kifundo. Akabaki amekishika, vidole vitano, rangi imemtoka usoni.

"Yesu wangu," akanong'ona.

"Kaa chini, bwana," akasema Odessa. "Kaa tu. Hakuna aliyeumia, wala hukuvunja kitu. Vuta pumzi. Sasa nipe hicho, polepole. Hivyo hivyo." Akakipokea, akakipachika, akakizungusha mpaka kikakaza. "Huwa kinatoka. Ni cha darasa la hesabu. Umekunywa chochote tangu asubuhi?"

"Kahawa," akakiri mjumbe kwa sauti ya mtoto.

Akammiminia maji. Bwana Sayles akanywa, akautazama mkono ule, akacheka hata miwani ikamdondoka.

"Swali langu la kwanza lilikuwa: mgonjwa akishikwa na hofu utafanyaje?" akasema. "Tuliruke?"

"Hapana, bwana. Nimelifanyia mazoezi."

Akalijibu, na mengine yote. Mwishowe Bwana Sayles akasimama, akanyoosha mkono tena, kwa uangalifu. Kiganja cha Odessa kilikuwa kimelowa chapachapa. Hakukifuta kwenye sketi. Akakitoa kama kilivyo.

"Kimelowa, bwana. Samahani."

"Nimeona." Hakuachia. "Jumatatu ya kwanza ya likizo, saa moja asubuhi, mlango wa mashariki. Vaa viatu visivyoteleza."

Nani aliyetangulia kuachia? Wanahistoria wote wanakubaliana: Bwana Sayles.

Nje, Bi Lavinia alikuwa amesimama karibu mno na mlango kwa mtu asiyesikiliza. Akainua redio yake, na habari ikatangazwa katika himaya yote.

"Walinzi wote, walinzi wote. Pettaway wa ghorofa ya pili amepata nafasi ya hospitali."

Lango kuu likajibu kuwa limesikia. Ghala likajibu.

"Pettaway yupi?" ikakwaruza sauti kutoka jikoni.

"Yule anayewashukuruni hata siku ya piza iliyoungua."

Kisha redio ikasema: "Imepokelewa. Huku jikoni tumesimama wote."