Safari Rahisi, Yenye Watu, Mwezi wa Novemba

Jumatatu, 6 Novemba

Bibi Wiersma, bosi wetu pale bodi ya maji, ameniita ofisini kwake. Siku kumi na moja za likizo bado zimelala kwenye faili langu. Nisipozitumia kabla ya Krismasi, zinafutwa. Nikamwambia nazihifadhi kwa ajili ya jambo kubwa. Akauliza jambo gani. Nikaangalia dirishani. Mvua.

Ukweli ni kwamba likizo ya mwaka jana nilipaka banda la baiskeli rangi. Mwaka juzi vilevile. Leeuwarden nzima, labda Uholanzi nzima, haina banda linalong'aa kama langu.

Baada ya chakula dada yangu Hiltje akapiga simu. Tangu mke wangu Annet ahamie mji wa Zwolle na yule mwalimu wa kwaya, miaka minne sasa, Hiltje hunipigia kila Jumatatu kuhakikisha nimekula. Leo alikuwa na lingine. "Kaka, nenda mahali penye watu," akasema. "Usiende kuangalia makanisa. Watu." Nikamwambia ninao watu tele. Akaniomba nimtajie watatu. Nikamtajia Bibi Wiersma, daktari wangu wa meno, na yeye mwenyewe. Nikamsikia akivuta pumzi.

Basi nimeamua. Nitasafiri peke yangu na nitarudi na marafiki. Masharti: ndege moja, moja kwa moja. Hakuna kukwea milima. Na watu waanze wao kunisemesha. Mimi nikishaanzwa sina shida.

Jumanne, 7 Novemba

Nimechambua miji. Vienna nimeufuta, kwaya zimezidi. Krakow ni baridi kama hapa, sasa faida iko wapi? Sevilla wanakula wakati mimi nimeshavaa pajama. Lisbon haiwezekani. Lisbon ni ya Rinse.

Rinse Bakker ni jirani yangu, tunatenganishwa na ukuta mmoja. Novemba iliyopita alikwenda Lisbon peke yake, begi moja mgongoni, akarudi na marafiki kumi na wanne. Nimewahesabu kupitia ukutani wanapompigia simu. Kuna Mpoland humtumia soseji kwa posta. Mtu wa posta hamkuti nyumbani, ananiachia mimi. Kwa hiyo urafiki wa Rinse mimi ndiye ninayeusainia.

Kinachouma ni kwamba Rinse hana habari yoyote ya maana. Anauza vigae vya bafuni. Mimi nina pampu thelathini na mbili chini ya ulinzi wangu, na mazungumzo yanayotosha kwa miaka.

Jumatano, 8 Novemba

Jaribio la kwanza, hapa hapa mjini, ili nisiende kuaibika ugenini. Mbinu ya ramani, nimeibuni mwenyewe: unakaa mgahawani, unatandaza ramani, unakunja uso. Watu wema wanakuja kukusaidia. Urafiki unaanza.

Nikachagua meza ya watu watatu karibu na ule mnara wetu uliopinda. Ramani ya Sevilla. Mhudumu akaja, akauliza kama nimepotea. Nikamjibu hapana, mimi ni mtu wa hapa. Kosa langu.

Baada ya nusu saa akaja mama mmoja wa koti la buluu. Akashika kiti cha mbele yangu, akauliza kama kuna mtu. Nikamwambia hakuna kabisa, karibu sana. Akakibeba, akaenda nacho kwa wenzake. Punde mwenzake akaja kwa kile cha pili. Nikabaki na meza kubwa na kiti kimoja, nikaanza kukishikilia.

Jumla: sekunde saba za mazungumzo. Lakini kwa tabasamu.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimeona nimchote Rinse siri yake bila yeye kujua. Nikamkaribisha kahawa na biskuti moja, kisha nikafunga kopo. Nikamuuliza, kama vile nauliza kwa niaba ya mtu mwingine, mtu huyo akisafiri peke yake mwishoni mwa Novemba afanyeje ili azoeane na watu.

Rinse akatafakari. Akasema yeye huwauliza watu habari zao, halafu anasikiliza. Nikasubiri aendelee. Akawa amemaliza. Ni wazi ananificha.

Kisha likatokea baya. "Jirani, huyo mtu ni wewe," akasema. "Na mimi nina wiki nzima haina kazi. Twende wote. Tutachukua chumba kimoja, mimi sikoromi." Anakoroma. Kuta zetu ni nyembamba.

Nikamwambia pole sana, nimeshakata tiketi.

"Ya wapi?"

"Italia. Vilimani. Nakwenda na kundi."

"Kundi gani?"

"La watu."

Akasema amefurahi kwa ajili yangu, kwa dhati, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Sasa inabidi niende Italia.

Ijumaa, 10 Novemba

Ushindi. Nimepata tangazo kana kwamba limeandikwa likinilenga mimi. Nyumba ya zamani ya watawa, vilima vya karibu na Bologna, Jumapili hadi Jumapili. Watu kumi na wawili, kila mmoja kaja peke yake. Mnakula meza moja mara tatu kwa siku. Matembezi mepesi. Jioni mnaota moto wa kuni pamoja. Na hili nimelipigia mstari: lugha si kikwazo.

Maelezo marefu yalikuwa ya Kiitaliano, nikayaruka. Kijiji kinaitwa Silenzio, maana kichwa cha habari kinasema juma zima ni la Silenzio. Ilibaki nafasi moja. Bibi Wiersma akatia sahihi likizo kabla sijakaa.

Jumamosi, 11 Novemba

Siku ya kuzaliwa ya Hiltje. Tulikaa kwa duara kama kawaida, viti vimegusana, keki kwenye mapaja, kila anayeingia akimpongeza kila aliyekaa. Safari hii walipofika kwangu na swali lao la kila mwaka, likizo unakwenda wapi, nilikuwa tayari. Nikasema: Italia, kundi dogo, watu wa mataifa mbalimbali, mimi huwa naelewana na watu haraka. Shemeji akasitisha uma wake hewani. Hiltje macho yakamlegea, akanikatia kipande cha pili bila kuombwa. Mpwa wangu akauliza nitabeba nini. Nikamwambia kadi ishirini nilizoandika mada za mazungumzo. Nane za kwanza ni pampu.

Jumapili, 12 Novemba

Silenzio si kijiji.

Nilifika saa kumi, matope hadi magotini. Mlangoni alisimama mama mwembamba, kifuani pameandikwa Donatella. Nikampa mkono na kadi namba moja. Akaweka kidole mdomoni. Akaninyooshea kikapu kilichojaa simu, na karatasi ya Kijerumani: Karibu kwenye juma la ukimya, kwa Kiitaliano silenzio. Hatusemi neno hadi kifungua kinywa cha Jumamosi. Shajara inaruhusiwa, ukurasa mmoja kwa siku.

Nikataka kueleza kwamba kuna makosa. Kidole. Nikataka kuuliza basi la kurudi. Kidole, kisha kalenda: basi ni Jumapili ijayo. Nikaingia. Watu kumi na mmoja kwenye meza moja, wanakula supu. Unasikia kila kijiko. Mmoja, mama mrefu wa kofia nyekundu ya sufu, alinitazama matope yangu na mabega yakamtikisika kwa kicheko.

Nimesafiri nusu ya Ulaya nikitafuta maongezi, nimefungiwa na mabubu kumi na wawili.

Jumanne, 14 Novemba

Jana nilijaribu kuandika. Nikampitishia mama wa kofia karatasi wakati wa supu: Mimi ni Douwe, nafanya kazi ya maji, na wewe? Donatella akaiokota katikati ya safari, na penseli pia akaichukua. Hii naandika kwa penseli ya akiba, ilikuwa kwenye soksi.

Leo, baada ya saa arobaini na mbili bila kusema, nilihisi kooni kunaota kutu. Nikajificha nyuma ya banda la kuku nikaongea nao. Kifrisia cha nyumbani, taratibu. Nikawaeleza jinsi pampu namba saba inavyoziba majani yanapopukutika. Walisikiliza vizuri hadi walipoona sina mahindi.

Nikageuka. Mama wa kofia nyekundu amesimama na ndoo ya maganda. Nikajua nimekwisha, atanipeleka kwa Donatella. Yeye akaweka ndoo chini, akaegemea uzio, akanifanyia ishara ya mkono: endelea. Tukasimama pale tu, tunaangalia kuku. Labda dakika kumi. Sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Jumatano, 15 Novemba

Jioni nilikuta kofia nyekundu juu ya kiti kilicho kando ya yule mama pale motoni. Nikaona nafasi imeshashikwa, nikaenda kukaa mlangoni, penye upepo. Akainuka, akachukua kofia, akapiga kiti kwa kiganja. Nikatazama nyuma nione anamwita nani.

Ananimenyea njugu za msituni wanazochoma kwenye makaa. Moja yake, moja yangu. Mkatalani mmoja mwenye ndevu, Eusebi, jina na kwao nimevisoma kwenye begi lake, ananisogezea glasi yangu ijazwe kabla sijaitazama. Leo nilipoteleza kwenye mteremko nikaenda kwa makalio hadi chini, walicheka wote kumi na mmoja bila sauti, na wanne wakaja kuniinua. Donatella alinifuta matope kwa aproni yake.

Sielewi. Sijafanya lolote.

Ijumaa, 17 Novemba

Tumetembea saa tatu, mimi na mama wa kofia mbele, hatua kwa hatua. Ukungu, kisha jua, kisha ukungu. Akisimama nasimama. Alinionyesha mbweha ambaye nisingemwona. Mimi nilimwonyesha mfereji wa maji uliojengwa vizuri, akautazama kwa muda wa heshima.

Nilisahau kwamba kadi zangu ziko mfukoni. Nimezikuta sasa zimelowa, mada zote zimeingiana. Nimezikausha juu ya jiko. Kesho tunaruhusiwa kusema. Zitahitajika.

Jumamosi, 18 Novemba

Saa mbili asubuhi Donatella akagonga glasi, akasema, kwa sauti nzito ambayo sikuitarajia: "Habari za asubuhi." Watu wakacheka, wakaanza kujitaja. Mama wa kofia anaitwa Zdeňka, daktari wa mifugo mstaafu kutoka Olomouc, kule Ucheki. Kijerumani chake cha kuokoteza, changu vilevile. Akasema, "Nimefurahi sana kutembea na wewe, Douwe. Mume wangu alipofariki, watu walinimwagia maneno kila saa. Wewe hukunimwagia."

Nikamwambia asante, halafu nikaanza.

Nilianza na kadi namba moja. Siku sita za maneno zilikuwa zimejipanga nyuma yake. Pampu namba moja hadi tisa nilizimaliza kabla ya kahawa ya pili. Eusebi akakumbuka kufunga begi. Wawili wakaenda kumsaidia, ingawa begi lilikuwa dogo. Donatella akaanza kufuta meza, akafuta kunizunguka. Zdeňka alibaki. Nilipofika kwenye tofauti ya chujio za zamani na za kisasa akaweka mkono wake juu ya wangu, akauacha pale. Nikaelewa anataka nieleze kwa kina. Nikaeleza kwa kina. Ndipo akaweka kidole mdomoni, akitabasamu. Nikapapasa midomo yangu, nikakuta kweli kuna chembe ya mkate. Nikamshukuru.

Baadaye akaniomba twende tuwaone kuku mara ya mwisho. Nikamwambia atangulie, nilikuwa katikati ya jambo na Mdenishi mmoja wa kundini. Mdenishi alikuwa amekwama pembeni ya kabati.

Kesho basi.

Jumatatu, 27 Novemba

Rinse amekuja kusikia habari. Nimempa biskuti mbili, naweza. Nikamweleza safari kuanzia uwanja wa ndege. Akauliza maswali mengi, akasikiliza, nikaona mbinu yake ile ile ya Lisbon na nikamhurumia. Mtu anakaa saa mbili bila kuchangia chochote. Alipoondoka akasema huyo Zdeňka anaonekana mtu mzuri, na kwamba lazima alipenda jinsi nilivyotulia. Nikamwambia jirani, nilitulia kwa kulazimishwa.

Hiltje naye kapiga simu, anataka kumjua. Nikamwambia subira.

Maana leo kumefika kadi kutoka Olomouc. Maneno ni haya tu: "Njoo Machi. Nyuma ya nyumba kuna msitu. Tutatembea. Z."

Nimeisoma mara tano. Mara tatu nikiwa nimesimama.

Maskini, kuandika hajui kabisa, na ni wazi juma lile la ukimya limemwathiri. Fikiria: alinipenda kiasi hiki nikiwa nimezibwa mdomo siku sita. Ingekuwaje kama ningeruhusiwa kusema tangu Jumapili? Nimeshamjibu, kurasa kumi na moja, mbele na nyuma, pamoja na michoro, ili Machi tusipoteze muda kwenye mambo ya msingi. Bahasha haikufunga, nimeizungushia utepe wa gundi.

Na msituni, kwa usalama, nimeagiza kipaza sauti kidogo cha kuvaa shingoni. Upepo wa Machi unaweza kumnyima neno.