Meneja wa Masufuria

Jumatatu, 11 Novemba
Mvua ya kwanza. Paa linavuja juu ya kitanda, nimelala na beseni kama mume. Lakini habari njema! Kiwanda cha chai kilichotupunguza kazini kina mfuko wa fidia. Utamlipa kila aliyeangukia kazi yenye mshahara mdogo kuliko wa zamani. Mimi huyo! Zamani nilichambua chai, sasa naosha masufuria kwa mama ntilie, stendi ya Igowole. Nikipata, nanunua bati. Alhamisi anakuja kijana kutoka Mbeya, Ipyana, kuhakiki. Atauliza na majirani. Aulize tu!

Jumanne
Nimekumbuka jambo. Majirani wote niliwaambia mimi ni meneja. Kosa la Apolonia, jirani yangu! Alinitambia kilabuni, tukinywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, eti binti yake kapata kazi ofisini. Ningenyamaza? Mdomo nimepewa wa nini?

Dawa: nikavaa kitenge chenye matundu, nikapita mtaa mzima nikilia njaa. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Sosthenes, kanipa pole. Kasema kumbe mameneja wa siku hizi wana hali mbaya hivi. Zee jinga.

Jumatano
Nimemwendea Apolonia mwenyewe. Nikamwomba kesho aseme mimi maskini. Neno lenyewe nililisema nikitazama mbuzi wake. Akauliza, maskini kuliko yeye? Nikamjibu hapana, kufika huko bado. Akanifungia mlango.

Alhamisi
Ipyana kafika. Kijana mpole, viatu safi, kaniita bibi. Mama ntilie kasema kweli: naosha masufuria, analipa kidogo. Sosthenes kaapa mimi ni meneja. Ipyana akakuna kichwa.

Ndipo Apolonia akasimama. Kanikonyeza! Kasema meneja gani, mama Crispin huyu ni muosha sufuria tu, tena anaziacha na ukoko.

Ukoko!

Sikumbuki nilisimamaje. Nikamwambia Ipyana pale stendi pasipo mimi moto hauwaki, mwenye biashara mwenyewe huniuliza mimi, na mshahara wa kiwandani ulikuwa pipi tu mbele ya huu wa sasa! Mama ntilie kashika kichwa. Ipyana kafunga faili, kanipongeza kwa cheo, kaondoka.

Mtoto hana adabu. Hakusubiri hata nimalize.

Ijumaa
Mvua usiku kucha. Asubuhi Apolonia kaleta bati la banda lake la mbuzi. Kanisalimu kamwene, kasema shika, mama Crispin, na jana nilikuwa nakusaidia, wewe kichwa ngumu. Nimelipokea. Nimemwambia limepinda.

Jumapili, 17 Novemba
Bati limekaa vizuri, kitanda kikavu. Kilabuni wameuliza nimelitoa wapi. Nikawaambia ofisini kwangu, mameneja tunagawiwa. Apolonia kacheka mpaka ulanzi ukamtoka puani. Nimemhurumia. Nimemwambia asijali, nafasi ikitokea pale kwangu nitamwajiri.