Wekoye Ndiye Dume

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Siku njema kabisa! Madam Divya, mwenye kampuni, amepiga simu asubuhi kutoka Kitale. Simu ikawekwa spika ili ofisi yote ya Bungoma isikie. Ofisi yote ni watu watatu: mimi Wekoye, Emmy wa Misikhu, na Mzee Absalom anayetusimamia. Ati mafunzo yangu na Emmy yanaisha Ijumaa. Ati mmoja wetu ataajiriwa. Ataangalia tu kazi itakayoingia kwenye ghala wiki hii.

Ghala ndiyo ile kompyuta ya Kitale inayoweka programu yetu ya maduka ya mbegu na mbolea. Sisi huandika huku kwenye laptop zetu, halafu Mzee Absalom hutupushia, yaani kazi inapanda huko na jina la aliyeifanya.

Kuna shida ndogo. Mama yangu kule Myanga anajua nimeshaajiriwa. Nilimwambia mwezi wa saba. Ilinitoka tu! Akatangaza kanisani, na Jumapili hii ni maombi ya shukrani. Jogoo amefungwa kamba mguuni wiki tatu sasa, anakula mahindi kuliko mimi. Nikikosa hii kazi, mama ataweka uso wapi?

Lakini nina mpango. Kila ukihifadhi badiliko, laptop inaliandika kwa jina lako na kulihesabu. Emmy huhifadhi mara mbili kwa siku, masikini. Mimi nitahifadhi kila kitu peke yake. Koma moja, hesabu moja. Kufikia saa kumi na moja nilikuwa na sitini na moja! Mojawapo ni maneno niliyoandika chini ya risiti kujifurahisha: WEKOYE NDIYE DUME. Nitayatoa baadaye.

Mzee Absalom alisema kitu, ati wiki hii hatampushia mtu yeyote, kila mmoja abebe gunia lake mwenyewe. Nikamjibu sawa mzee. Nilikuwa nahesabu.

Jumanne, 16 Septemba

Mia moja arobaini na nane! Nimetoa koma. Nimerudisha koma. Nimebadilisha rangi ya kitufe kuwa kijani, kisha kijani kingine, kisha kile cha kwanza.

Emmy anatafuna njugu na kuandika. Siku nzima ukurasa mmoja tu, wa mbolea. Nilimchungulia nikamhurumia. Nikamwambia kazi si lazima apate kila mtu, wengine Mungu amewapangia biashara. Akaniuliza kama niko sawa.

Mama amepiga. Mchungaji amekubali kuja. Kwaya ya akina mama pia. Nikamwambia waongeze viti.

Jumatano, 17 Septemba

Balaa!

Madam Divya amempigia Mzee Absalom akamuuliza, kwa sauti ya huruma, kama Wekoye ni mgonjwa. Tangu Ijumaa iliyopita hajaona jina langu kwenye ghala hata mara moja.

Hata mara moja! Na mimi nina mia mbili na tatu!

Nilimwonyesha Mzee Absalom laptop. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza nimepush lini. Nikamwambia si nimehifadhi? Akasema kuhifadhi ni kujaza gunia nyumbani kwako. Kupush ni kulifikisha Kitale. Ati nina magunia mia mbili na tatu uvunguni mwa kitanda na ninangoja kuitwa mkulima bora. Emmy alipaliwa na njugu.

Basi nikapush. Ghala likakataa! Ati kuna kazi huko ambayo mimi sina, niichukue kwanza. Ni ya Emmy. Mzee Absalom akasema ni jambo dogo: nichukue ya Emmy, niichanganye na yangu, na pale zinapogongana nikae na Emmy tukubaliane.

Nikae na Emmy! Wiki jana alinisahihisha mbele ya Madam Divya, na akawa sahihi. Sisahau mambo kama hayo. Nitapata njia.

Alhamisi, 18 Septemba

Saa mbili asubuhi. Nimepata njia! Mtandaoni kuna neno moja la Kiingereza, maana yake kwa nguvu. Unaliongeza ukipush. Walioandika wameonya, lakini watu wa mtandaoni huonya kila kitu. Nikaongeza. Likapita kama uji! Magunia yote mia mbili na tatu yako Kitale. Jina langu limejaa kutoka juu mpaka chini. La Emmy la wiki hii halionekani popote. Nikadhani limesukumwa chini kidogo.

Saa sita. Halijasukumwa chini. Limefutika. Kazi yake ya siku tatu imetoka ghalani, na yangu imekaa mahali pake.

Kinyua ndiye aliyepiga simu. Ni karani wa duka la Mzee Madanlal pale Kitale, babu yake Madam Divya, na ndilo tunalojaribia programu; kinachoingia ghalani kinafika kwao papo hapo. Ukurasa wa mbolea haupo. Vitufe vinabadilika rangi. Na tangu wafungue, kila mkulima anatoka na risiti inayosema WEKOYE NDIYE DUME. Wakulima wanauliza ni mbegu gani hiyo mpya.

Nilijuta kweli. Si kwa ajili ya Madam Divya. Ni Emmy. Hakunipigia kelele. Akasema si ningemwuliza tu, bana. Niliona aibu mpaka nikakosa pa kuweka mikono.

Kumbe mtu akipush, nakala inabaki kwake! Emmy akavuta kiti, akafungua laptop yake, akarudisha yote kwa dakika kumi. Akapekua na magunia yangu. Yenye kitu ndani yalikuwa manne. Akayaweka manne hayo ghalani, kwa jina langu, bila kuombwa. Nikaenda kumnunulia njugu.

Ijumaa, 19 Septemba

Madam Divya amekuja. Mzee Absalom amechinja kuku, kama kawaida mgeni akija. Madam hali nyama, akapewa maharagwe na ugali wa wimbi, akaridhika. Akatangaza: aliyeajiriwa ni Emmy.

Nilipiga makofi. Nilijikuta nayapiga kwa moyo, hata mimi nikashangaa.

Ikaja firigisi. Kwetu huku firigisi ni ya mwanamume mwenye heshima, na Mzee Absalom akabaki na sahani hewani, akiangalia huku na huku. Kidogo ninyooshe mkono. Emmy akaichukua yeye, akaitafuna polepole huku ananiangalia. Mzee akasema haya, dunia imebadilika, pitisha mchuzi.

Mimi je? Mzee Madanlal alizicheka zile risiti mpaka akakohoa, akasema nisifukuzwe. Nimeongezewa miezi mitatu ya mafunzo, chini ya Emmy. Sipush kitu asichokiona.

Sasa nitamwambia nini mama?

Jumapili, 21 Septemba

Nilikwenda Myanga nikiwa nimejiandaa kukiri. Haki ya Mungu! Emmy na Mzee Absalom walikuja pia, kwa sababu mama alitaka kuwaona watu wa kazini. Kanisa limejaa mpaka mlangoni.

Nikasimama. Nikasema nina jambo zito la kuwaambia. Kabla sijaendelea, mjomba Hesbon akainuka kule nyuma. Analima Kitale. Alhamisi alinunua mbegu kwa Mzee Madanlal. Akainua karatasi juu, akaisoma kwa sauti: Wekoye ndiye dume! Akawauliza waumini, kwenye risiti huandikwa jina la nani kama si la mwenye duka? Mtoto wetu hajaajiriwa tu, ameajiri!

Vigelegele! Kwaya ikaanza bila kuambiwa. Mama alilia, akacheza, akamshika Emmy mkono akamsihi amtii bosi wake. Emmy akasema sawa mama, huku machozi ya kicheko yanamtoka. Nyumbani jogoo akachinjwa, firigisi nikapewa mimi.

Emmy amenipa mpaka mwisho wa mwezi nimwambie mama ukweli, la sivyo atamwambia yeye. Ni haki. Nitamwambia.

Ila mchungaji aliniuliza kama bosi kama mimi anaweza kulitengenezea kanisa programu ya nyimbo. Nikamjibu Jumapili ijayo itakuwa tayari. Emmy naye ameshaanza moja leo hii na vijana wa hapa, wamelifungulia kanisa ghala lake na kuiweka humo. Yangu itakuwa bora. Nimeanza baada ya chakula, na mpaka sasa nimehifadhi mara thelathini na nane.

Sijapush bado. Ghala likikataa, lile neno nalijua.