Fundi Évode na Gari Langu Lisiloruhusiwa Kukimbia

Kabeza, Kigali
Ijumaa jioni

Kwa Mheshimiwa Nshimiyimana,
Mwenyekiti, Ushirika wa Mafundi wa Magari

YAH: OMBI LA KUMWONDOA FUNDI ÉVODE KWENYE GARI LANGU, AU ANGALAU KUMNYANG'ANYA NENO "BADO"

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu za heshima. Naitwa Mutabazi. Ni mtumishi wa ofisi moja pale Kimihurura, mkazi wa Kabeza, mume wa Scovia, na mwenye lile gari la buluu la turbo ambalo kwa miezi saba sasa linalala zaidi kwenye karakana yenu kuliko linavyolala kwangu. Nililelewa Karagwe, Tanzania, kwa hiyo utaniwia radhi nikiandika Kiswahili kirefu. Hasira zangu haziingii kwenye kifupi.

Chanzo ni hiki. Jumapili moja mwezi wa tatu nilikuwa nampeleka kanisani mama mkwe wangu, Mama Winifred. Tulipofika kwenye kilima cha kupandia Kimihurura gari likachemka. Mama wa watu, na vazi lake jipya la mushanana, akasimama kando ya barabara akijipepea kwa Biblia, waumini wenzake wakipita na kupiga honi. Ndipo akatokea Rwema. Huyu Rwema ni mwanyumba wangu: yeye kamwoa mkubwa, mimi nimemwoa mdogo. Ana gari la dizeli linalonguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Akamchukua mama, akaondoka naye. Tangu siku hiyo mama mkwe hapandi gari langu. Kila Jumapili wananipita kwenye kilima kilekile, naye hunipungia mkono kwa huruma. Mkono ule unaniuma, Mheshimiwa. Mimi ndiye niliyekuwa mkwe kipenzi.

Nililitafakari jambo hilo, nikaona dawa yake ni moja tu, nguvu. Évode alifungua boneti, akaona dawa yake ni maji. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia, na malalamiko yangu ni haya:

1. Nilimwomba aongeze presha ya turbo. Hiyo ni kazi ya alasiri moja. Nimewaona vijana kwenye simu yangu wakiifanya kwa kompyuta huku wanakunywa soda. Évode alinisikiliza hadi mwisho, akajifuta mikono, akasema, "Bosi, nguvu iko mwisho. Kwanza tuone kama injini iko na afya." Akapima kompresheni ya silinda zote nne na kuandika matokeo kwenye daftari la shule. Silinda zilikuwa nzima. Nikafurahi. Akabadilisha rejeta.

2. Mwezi uliofuata nilikwenda tena kuomba nguvu, nikarudi na mafuta mapya ya injini, pamoja na amri ya kuyabadilisha mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Eti turbo inaishi kwa mafuta hayohayo, yakichoka nayo inakufa. Pia nimekatazwa kuzima gari mara ninapofika. Ni lazima nikae dakika mbili injini ikiunguruma ili turbo ipoe. Majirani zangu wa Kabeza sasa wanaamini kwamba Scovia ananipiga, na kwamba mimi hukaa nje kwanza kujipa moyo.

3. Mipira inayopitisha hewa ya turbo. Alikuta mmoja una ufa mdogo kuliko ukucha wangu, akasema nguvu zilikuwa zinatorokea hapo. Nakiri kwamba baada ya kuubadilisha gari lilipanda vizuri. Lakini hizo zilikuwa nguvu zangu za zamani. Nimerudishiwa mali yangu, sijaongezewa kitu.

4. Hili ndilo kubwa. Mwishowe nilimweleza ukweli wote, habari za Rwema na ule mkono, nikitumaini atanihurumia kama mwanamume mwenzangu. Alifikiri kwa muda mrefu sana. Kisha akanifungia breki kubwa, mbele na nyuma. Alisema mtu anayetaka kukimbia ajue kwanza atasimama vipi. Kwa hiyo leo namiliki gari linalosimama haraka kuliko yote Kigali, na sijasikia mtu aliyewahi kumpita mwanyumba wake kwa kusimama.

5. Klachi. Sitaki kuizungumzia.

6. Kamera za barabarani. Rwema ameshatumiwa ujumbe wa faini mara tatu, na kila mara huusoma kwa sauti mezani, mbele ya mama mkwe, akijifanya analalamika. Mimi sijapata hata mmoja. Scovia anasema nimshukuru Mungu, lakini si yeye anayekaa kwenye kiti kinachomkabili Rwema. Naomba ushirika uniandikie cheti chenye muhuri, kithibitishe kwamba gari langu lingeweza kabisa kuvunja sheria endapo fundi wake angeruhusu.

7. Neno lenyewe. Kila nikiuliza, najibiwa "bado". Bado joto, bado plagi, bado tuangalie petroli inafika ya kutosha. Limeniingia mpaka kwenye damu. Juzi mkurugenzi wangu aliuliza kama ripoti imekwisha, nikamwambia tuone kwanza kama ina afya.

Kwa sababu hizo, naomba Évode apewe onyo la maandishi kwa kosa la kumfungia mteja anachohitaji wakati mteja alishasema anachotaka. Naomba pia ushirika upitishe kanuni kwamba kila mtu ana haki ya kuua injini yake mwenyewe, kwa siku na saa anayoipenda, bila fundi kuingilia. Na kama kamati itaona hayo ni mazito, basi Évode ahamishiwe kwenye baiskeli. Huko hakuna turbo, na breki zitakuwa zinamngoja.

Nasubiri jibu lako kwa unyenyekevu. Nisalimie mama watoto, wajumbe wote wa kamati, mlinzi wa lango ambaye siku hizi ananiuliza zamu yangu inaisha saa ngapi, yule mama anayewauzia chai, na mafundi wote isipokuwa mmoja.

Wako mtiifu, na mwenye mwendo wa kawaida,

Mutabazi

N.B. Barua hii ilibaki mfukoni mwangu, na leo ni Jumatatu. Jana gari la Rwema liligoma kuwaka, ikabidi Mama Winifred apande langu. Alikaa mbele, ameshika Biblia kwa mikono miwili. Tulikipanda kilima na geji ya joto haikutikisika. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko, motari mmoja na pikipiki yake akaingia mbele yetu bila kutazama. Abiria wake alikuwa amekumbatia kioo cha kabati. Nilikanyaga breki, gari likasimama palepale. Ndani ya kile kioo nikatuona mimi na mama mkwe tumetoa macho, karibu kiasi kwamba ningeweza kunyoa ndevu. Motari akaenda zake.

Tulipofika Gishushu, mama mkwe akauliza ni nani aliyezifunga zile breki. Nikamjibu kwamba ni fundi niliyemchagua mwenyewe kwa uangalifu mkubwa. Akanishika bega. "Mkwe wangu, kuanzia leo mimi napanda hii gari. Lakini usipitishe arobaini."

Machozi yalinilenga, Mheshimiwa, na mengi yalikuwa ya furaha.

Sasa asubuhi hii Évode amenipigia simu mwenyewe. "Bosi, gari iko tayari. Lete, tuongeze nguvu." Nimelingoja neno hilo kwa miezi saba.

Nakuomba uichane barua hii. Rwema akija kuulizia fundi wa breki, mwambie humjui. Na Évode, kwa kuwa mimi sina uso wa kumwambia, mwambie wewe kwa niaba yangu kwamba bado.