Hitaji la Nne

Jumatatu, 3 Machi
Leo ni leo! Ofisi inachagua programu ya kuandikia na kufuatilia mahitaji ya miradi. Zipo tatu za kujaribu. Mkuu anasema atakayefanya uchaguzi vizuri ndiye atakayeongoza mradi wa kupunguza foleni za hospitali. Nani kama si mimi? Mpinzani ni mmoja: Dada Daftari, wa meza ya pili, anayeandika kila kitu kwa penseli. Namhurumia.

Jumanne, 4 Machi
Nimeshachagua. Ile yenye rangi nane! Nyingine sijazifungua. Dada Daftari amezunguka meza hadi meza akiuliza watu wanahitaji programu ifanye nini. Kuuliza watu! Kapata mahitaji kumi na mawili, tumeyaingiza kwenye programu yangu kwa majaribio.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Hitaji la nne: mgeni aielewe bila kufundishwa. Wakampa mlinzi wa mlangoni ajaribu yangu. Akapotelea humo nusu saa, akatoka ananiangalia vibaya.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeomba ruhusa: jino. Nikaenda na kompyuta kwenye kibanda cha chai nyuma ya ofisi. Hitaji la nne sasa linasema: iwe na rangi zisizopungua nane. Mwamba ngoma huvutia kwake! Nimerudi nimeshika shavu. Dada Daftari kaniletea maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akasema pole kaka yangu, sukutua taratibu. Nimesukutua. Jino zima! Roho imenisuta, kama dakika mbili hivi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimesimama mbele ya wote. Nikawaambia uzuri wa programu hii ni kitufe cha Historia: kila badiliko, nani kalifanya, saa ngapi. Nikakibonyeza mwenyewe. Kwenye skrini ya ukutani, herufi kubwa: hitaji la nne, jina langu, Ijumaa, saa tano na robo asubuhi. Mkuu akauliza, saa hiyo si nilikuwa kwa daktari wa meno? Nikashika shavu. La upande mwingine! Dada Daftari kacheka mpaka machozi, ofisi nzima ikafuata. Aibu yangu haina kipimo.

Jumanne, 11 Machi
Programu yangu imeshinda! Mkuu anasema njia ya mwongo ni fupi, na kitufe kile kimeifupisha zaidi. Rangi zimezimwa zote. Mlinzi kaielewa mara moja. Kiongozi wa mradi ni Dada Daftari. Kaniomba niwe msaidizi wake, eti mtu kama mimi afadhali akae karibu. Nampenda sana dada huyu. Nusura nilie.

Jumatano, 12 Machi
Ameniamini. Kanipa daftari lenye mahitaji yote ya hospitali niyaingize kwenye programu. Nimelisoma lote. Kazi safi, lazima nikiri. Ila ukurasa wa sita hauna rangi hata moja. Ameandika kwa penseli, na daftari halina kitufe cha Historia. Mchana nimenunua kifutio.